"Eneo hatarishi": linamhatarisha nani?

Juzi nilikaa tena kwenye kikao cha maandalizi ya kambi ya vijana, ikazungushwa fomu yenye safu iliyoandikwa "maeneo hatarishi". Mmoja akajaza "bahari". Mwingine akajaza "barabara kuu". Ukurasa ukageuzwa, tukaanza kujadili chakula. Nimeshayaona haya mara nyingi na kila mara yananiumiza, kwa sababu tulichoandika hakimlindi mtoto yeyote.

Kihatarishi, kwa kifupi, ni jambo linaloweza kutokea likaleta madhara. Vihatarishi vya mahali ni vile vinavyotokana na pale mnapolala, mnapocheza na mnapopita. Kuvisimamia ni kuvitambua mapema, kuvipunguza, na kujua mtafanya nini mambo yakiharibika.

Tatizo liko kwenye lile neno "hatarishi". "Hatari" tumeipata kwenye Kiarabu, khatar, na huko neno hilo lilibeba pia maana ya dau: kile mtu anachokiweka kwenye mashindano akijua anaweza kukipoteza. Tangu mwanzo, basi, lina mwenye mali na lina kinachoweza kupotea. Kiswahili kikalipokea na kulinyambua kwa desturi yake, tukapata "hatarisha", kitenzi kisichotosheka bila mtendwa. Sema "dereva alihatarisha" kisha unyamaze, uone msikilizaji anavyokungoja. Alihatarisha nini? Maisha ya nani? Kutoka hapo ndipo ikaja "hatarishi", kama "chonganisha" ilivyozaa "chonganishi". Maneno hayawezi kuwa chonganishi kama hakuna watu wanaochonganishwa. Lakini "hatarishi" tunaibandika kwenye mto, jengo au ufukwe kana kwamba ni rangi yake, na yule anayehatarishwa tunamsahau.

Chukua fungu la mchanga mbele ya pwani ya Dar es Salaam au Unguja. Maji yakipwa, watoto wanakimbia juu yake na wanaokota makombe. Baada ya takribani saa sita maji yamejaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Fungu ni lile lile. Ukitaka kujua kama panafaa, muulize mvuvi wa hapo, naye atataka kujua kwanza mnakwenda siku gani, mnarudi saa ngapi na mna chombo gani. Maswali hayo ndiyo tathmini yenyewe, na anayeyauliza hajawahi kuiona fomu yetu.

Mwezi wa Aprili 2012, vijana wa kikundi cha kanisa walikuwa matembezini kwenye korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya. Mafuriko ya ghafla yaliwakuta humo ndani, na saba wakafariki. Korongo hilo limepitiwa na wageni na wanafunzi wengi sakafu yake ikiwa kavu. Ila Aprili ni masika, na maji ya mvua iliyonyesha mbali juu huweza kushuka kwenye korongo la namna hiyo hata pale mliposimama pakiwa hapajadondoka tone. Ukiandika "korongo: hatarishi" hujamsaidia chochote kiongozi anayetazama anga jeupe saa nane mchana. Ukiandika "korongo, msimu wa mvua, vijana arobaini, sehemu za kupandia ni chache", umempa sababu ya kuwarudisha.

Upande wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu ndio tunaouandika "salama". Shule ya bweni yenye uzio na mlinzi getini hupita bila swali. Usiku, njia ya kwenda chooni haina taa, na stoo ya magodoro inafungwa kwa ndani. Msichana wa miaka kumi na miwili akiamka saa nane za usiku, anapita hapo peke yake. Uzio unamzuia mgeni. Haumzuii mtu mzima aliyelala ndani ya uzio. Mchana, wakati wa ukaguzi, njia hiyo hiyo ilikuwa na watu hamsini.

Sisemi safu ile ifutwe. Neno ni zuri, na limeundwa vizuri. Ninachoomba ni lipewe mtendwa wake: kando ya kila eneo iandikwe linamhatarisha nani, lini, na akifanya nini. Ukimkuta mwenzako ameandika "bahari" peke yake, usimkatie kwa kalamu nyekundu. Mrudishie karatasi, umwombe amalizie sentensi.