"Spea ya Seiko si ni Seiko tu?" Dhana potofu kuhusu saa za zamani

Wiki haipiti kabla mtu hajaniwekea mezani kipakiti alichoagiza mtandaoni. "Fundi, spea nishanunua. Wewe ni kuweka tu." Nikimuuliza ni ya kaliba gani, jibu ni lilelile: "Si ni ya Seiko?"

Basi tuanze na hapo. Eti spea inafuata jina la saa. Haifuati. Spea inafuata mashine iliyo ndani, na kila mashine ina namba yake, ndiyo kaliba. Hata Kirinyaga Road, kwa wauza spea za magari Nairobi, ukisema unataka spea ya Toyota, utaulizwa Toyota gani, injini gani. Sasa saa ya marehemu babu, ambayo ncha za mhimili wa balansi (gurudumu linaloyumba kwenda na kurudi kuipa saa mwendo) zina unene wa kama milimita 0.1, ndiyo unataka tubahatishe?

Chukua Seiko 5. Jina hilo limekaa kwenye 6119 ya enzi za babu, kwenye 7009, na kwenye 7S26 iliyokuja mwaka 1996. Zote Seiko 5, mashine mbalimbali. Geuza saa usome kifuniko cha nyuma. Ukikuta 7009-876A, tarakimu nne za mwanzo ni kaliba. Kinachofuata baada ya kistari ni namba ya kasha. Vya ndani vinafuata kaliba. Kioo na gasketi (mpira wa kuzuia maji) vinatafutwa kwa namba ya kasha. Piga picha kifuniko hicho kabla hujamtumia mtu yeyote pesa.

Za Uswisi mara nyingi ni mpaka nifungue, kwa sababu namba huchongwa kwenye bamba la mashine, aghalabu chini ya balansi. Hapo wateja hushangaa kinyume chake: Tissot na Hamilton kadhaa zimebeba ETA 2824-2 ileile. Majina mawili, spea za mashine zilezile.

"Lakini imeingia, fundi!" Kuingia si kufaa. Springi kuu, kwa mfano, huchaguliwa kwa upana, unene na urefu. Weka iliyo nene kupita inavyotakiwa uone: balansi inazunguka kupita mpaka wake, kijiwe chake kinagonga uma (kile kiwenzo kinachoisukuma) kwa upande wa nje, na saa inakimbia ajabu. Mwenyewe anafurahi kwamba siku hizi ina nguvu. Weka iliyo nyembamba, inalala kabla yako. Na ukimwona fundi anapiga tupa ncha ya mhimili ili ienee kwenye kito (kijiwe chenye tundu inamozunguka), chukua saa yako uondoke.

Ushauri wangu, ambao wengi hawaupendi: badala ya kuagiza kipande kimoja kimoja, tafuta saa nzima iliyokufa ya kaliba ileile, tuichinje. Utabaki na skrubu, magurudumu, na vile vispringi vidogo ambavyo vikiruka kutoka kwenye kibano havionekani tena.

Mengine nayasema upesi.

"Niliitia ufunguo kupita kiasi ikakwama." Springi ikijaa imejaa, basi. Kinachoikwamisha kwa kawaida ni uchafu na mafuta yaliyoganda. Na wewe wa 7009, unayezungusha kifundo cha pembeni kila asubuhi: mashine hiyo haijazwi kwa kifundo. Ivae, au itikise.

"Ilikaa kabatini tu, kwa hiyo ni mpya." Mafuta hayajui kwamba hukuivaa. Yamekauka. Ndiyo maana siweki spea mpya kabla sijaifungua yote na kuiosha; unaniona nachelewesha kazi, kumbe kwenye mashine kavu hiyo spea italiwa vilevile.

"Tone la mafuta ya cherehani linatosha." Peleka kwa cherehani. Kwenye saa yanatambaa hadi kwenye springi nyembamba ya balansi, mizunguko yake inagandana, na saa inaanza kukimbia.

"Imeandikwa nyuma kwamba haiingii maji." Iliandikwa gasketi ikiwa mpya. Mvua ya Aprili ikikukuta barabara ya Tom Mboya, saa iweke mfukoni.

"Nipakie uso rangi upya, ipande bei." Itashuka. Wakusanyaji hulipia uso wa asili, hata wenye madoa. Kama unataka ing'ae, tubadilishe kioo.