Dawa ya sonona si Panadol

Jirani yangu hapa Iringa alimeza fluoksetini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), siku nne, akaona moyo bado mzito, akazitupia kabatini. "Hazifanyi kazi," akasema. Alidhani ni kama Panadol: unameza ukizidiwa, unaacha ukipata nafuu.

Sivyo. Dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, ndipo nafuu ionekane, kichefuchefu hutangulia. Ukipona, daktari hukuendeleza nazo miezi 6 au zaidi. Ukiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hata mishtuko kichwani kama umeguswa na umeme. Watu huita uraibu, kumbe mwili umekatiwa dozi uliyoizoea. Hupunguzwa polepole, kwa maelekezo ya daktari.

Halafu ulanzi, kinywaji cha utomvu wa mianzi. Msimu wa mvua kidumu hakikosekani, na wengi hawauhesabu kuwa pombe. Ni pombe. Ukichanganywa na amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, usingizi unakuwa mzito wa hatari. Tramadol, dawa ya maumivu, nayo usijiongezee bila kumwambia daktari.

Wiki za mwanzo mkae karibu na mgonjwa, hasa kijana chini ya miaka 25: mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Akianza kuzungumzia kifo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya amitriptilini mvifungie. Vikizidi huvuruga mapigo ya moyo.