Mzee kutembea huku anahesabu: mazoezi ya kazi mbili kwa mpigo ni nini?

Tembea na mzee wa miaka 75 hivi alafu mkiwa njiani muulize kitu cha kufikiria kidogo, mfano yule mtoto wa tatu wa shangazi kaolewa wapi. Kuna wazee watakujibu huku miguu inaendelea, na kuna wengine lazima wasimame kwanza, wajibu, ndo safari iendelee. Watafiti wa Umeå kule Sweden waliliona hilo wakaandika mwaka 1997, waliangalia wazee 58 na kati yao 12 walikuwa wanasimama wakisemeshwa, na ndani ya miezi sita 10 kati ya hao 12 walikuwa wameshaanguka.

Kwa nini sasa? Sababu kutembea sio kazi ya miguu peke yake kama tunavyodhani. Ukiwa kijana mwendo unajiendesha wenyewe, huufikirii. Umri ukienda macho yanapungua, nyayo hazihisi ardhi vizuri, misuli inalegea, kwa hiyo ubongo wa mbele, ule wa kupanga na kuamua, inabidi uingie kusaidia kila hatua. Ni kama dereva anayejifunza, ukimpigisha stori tu gari linaanza kuyumba. Ukimpa mzee swali, ubongo unagawana nguvu na miguu inapata kilichobaki: mwendo unapungua, hatua zinakuwa fupi tena hazilingani.

Daktari wa mazoezi anaweza kukupimia hilo kwa kiti na saa tu. Mzee anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kukaa. Alafu anarudia safari hiyohiyo huku anatoa tatutatu kutoka 100, yani 97, 94, 91... Kama mara ya kwanza alitumia sekunde 12 na ya pili 15, basi ile kazi ya kichwa imemuongezea robo nzima ya muda. Hiyo tofauti ndo inayotakiwa ipungue.

Sasa mazoezi yenyewe ya kazi mbili kwa mpigo, yani mwili na kichwa vinafanya kazi muda uleule. Kuna wanaofanya kwa zamu, asubuhi kutembea jioni kujaza mafumbo ya gazeti, sio mbaya hata kidogo. Ila kwa upande wa mwendo mimi naona ya kwa mpigo ndo yenye mantiki zaidi, mana barabarani hakuna zamu, simu inaita na bodaboda inakuja muda huohuo. Wajapani wa kituo cha taifa cha afya ya wazee kule Obu wana zoezi rahisi sana, unapiga hatua huku unahesabu kwa sauti na kila namba inayogawanyika kwa tatu unapiga makofi, 3, 6, 9. Ukikosea cheka uendelee. Ukishalizoea mpaka hukosei tena badilisha, weka kila ya nne, sababu likiwa jepesi kichwa hakifanyi kazi tena. Geneva nao walitumia piano: wazee 134, nusu yao walipewa darasa mara moja kwa wiki kwa miezi sita, unatembea kwa mdundo na piano ikibadilika na wewe unabadilika, na matokeo yaliyotoka 2011 yalionyesha wale wa darasani walitembea vizuri zaidi na wakaanguka mara chache kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao.

Nyumbani huhitaji piano. Na kama bibi hakukaa sana na hesabu za shule usimtese na kutoa tatutatu, atachoka na kesho hataki, mwambie ataje samaki wote anaowajua, au majina ya wajukuu kuanzia mdogo, au vituo vya daladala kutoka Rangi Tatu kurudi Kariakoo. Kubeba glasi ya maji bila kumwaga nayo ni kazi ya pili. Misuli isisahaulike lakini, kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kushika mikono bado ni muhimu, kichwa peke yake hakitabeba magoti dhaifu.

Yule ambaye ameshaanguka au anasimama ukimuuliza kitu asianzie barabarani. Aanze amekaa, anyanyue mguu mmoja mmoja huku anataja majina, alafu asimame pembeni ya ukuta au meza nzito, na mtu awe karibu yake, sakafu kavu, kandambili zivuliwe. Akisema kizunguzungu mnaacha, na muulizeni daktari kuhusu dawa anazotumia, za presha na za usingizi hasa. Na kama mwendo umebadilika ghafla, mguu mmoja unaburuta au mdomo umepinda, hapo hakuna cha zoezi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi.