Fremu ya kaboni ikipasuka, si lazima itupwe

Waendesha baiskeli wa Nakuru wanaopanda mlima Menengai wameambiana kwa miaka: fremu ya baiskeli ya nyuzi za kaboni ikipata ufa, imekwisha. Si kweli. Imani hiyo ilitokana na jambo la kweli, kwamba kaboni haichomelewi kama chuma. Mpelekee fundi wa jua kali mwenye mtambo wa kuchomelea, ataiunguza tu. Lakini hata ndege za Boeing 787, ambazo Kenya Airways imezirusha tangu 2014, mwili wake ni wa nyuzi za kaboni, na zikigongwa hutengenezwa.

Sehemu iliyovunjika husagwa kwa msasa hadi kingo zilale mteremko mrefu, kisha vitambaa vipya vya kaboni hubandikwa kwa epoksi, gundi inayogeuka ngumu, tabaka kwa tabaka, nyuzi zikifuata mwelekeo wa zile za awali. Halafu hubanwa, mara nyingi na kupashwa joto, hadi epoksi ikauke. Kupaka gundi juu ya ufa si matengenezo, ni kuficha.

Kwanza hakikisha ni ufa. Mara nyingine ni rangi tu iliyochanika. Gonga taratibu kwa sarafu ukisogea: mlio mkavu ukigeuka butu, huenda tabaka zimeachana ndani. Kipimo hicho hakitoshi, ila kinaonyesha pa kutilia shaka.

Bomba la juu hutengenezeka vizuri. Foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na usukani, mimi singekubali: vinaweza kukatika ghafla mtu akiwa anateremka kwa kasi. Na fremu ya bei nafuu iliyopasuka pale ekseli ya pedali inapokaa, kuitengeneza kunaweza kupita bei ya fremu nyingine ya mtumba. Hiyo badilisha.