Kufaulu hesabu si kuwa injinia

Ukikaa barazani Mji Mkongwe hukosi kusikia: "Mwanangu kapata digrii, keshakuwa injinia huyo." Hesabu zinatakiwa, hakuna ubishi. Lakini tazama kuta za nyumba za pale: mawe ya matumbawe na chokaa, dari imelalia boriti za mikoko. Ukuta huo hupumua. Ukiupiga lipu ya saruji, ambayo karatasini ni ngumu kuliko chokaa, unyevu hunaswa ndani na ncha za boriti huoza bila mtu kuona.

Kulijua hilo ni elimu. Kugonga lipu kwa kifundo cha kidole ukasikia palipoachia ni ujuzi. Kumwambia mwenye nyumba aliyekwishanunua saruji airudishe dukani, hiyo ni tabia, na ndiyo ngumu zaidi, maana yeye ndiye anayekulipa.

Tanzania Bara, mhitimu kwa kawaida hufanya kazi miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Wengine huona wanapotezewa muda. Mimi kugonga ukuta nilifundishwa na fundi wa chokaa ambaye skuli hakuimaliza.