Kukataliwa kwa kimya: maana yake kwa anayeomba hati kwa Leta

Umeandika barua. Umeipeleka mwenyewe mpaka ofisini, ukiomba kopi ya mkataba wa mfereji unaochimbwa mbele ya nyumba yenu, au ramani ya viwanja vya kartiye yenu. Wiki zimepita, sasa ni miezi. Hakuna aliyekuambia ndiyo, hakuna aliyekuambia hapana. Hapa Lubumbashi wengi wetu tukifika hapo husema dosiye ingali juu ya meza ya shefu, kisha tunaendelea kungoja. Mwanasheria atakuambia jambo lingine: umekwisha kukataliwa, na umekataliwa kwa kimya.

Kukataliwa kwa kimya ni pale sheria inapohesabu kunyamaza kwa ofisi ya serikali, muda fulani ukipita, kuwa uamuzi wa kukataa. Neno la kushika hapo ni uamuzi. Hakuna karatasi iliyosainiwa, hakuna mkubwa aliyefungua kinywa, ila mbele ya hakimu mambo yanakuwa kana kwamba ofisi imeandika kwa wino: hatukupi.

Masikio yetu yanaikataa maana hiyo, na si ajabu. Tumekua tukisikia kwamba kunyamaza ni kukubali. Binti akiulizwa habari za posa akainamisha kichwa, wazee walikuwa wanaondoka na jibu lao. Kwa Leta, yaani serikali, mambo yamegeuzwa. Na swali la kwanza la mtu yeyote mwenye uchungu ni hili: kwa nini sheria imsaidie mkubwa asiyejibu, kwa kuupa ukimya wake heshima ya kuitwa uamuzi? Mimi pia niliuliza hivyo, tena kwa hasira. Historia ndiyo iliyonituliza.

Sheria yetu ya utawala ilitufikia kutoka Ulaya kwa njia ya Ubelgiji, na mengi ndani yake yana asili ya Ufaransa. Kule Ufaransa, hakimu anayesimamia kesi za raia na serikali hakuwa na uwezo wa kusikiliza lalamiko tupu. Alitaka kwanza kuwe na uamuzi, halafu yeye aupime: ni halali au si halali. Sasa mkubwa aliyeogopa kupimwa alikuwa na njia rahisi kabisa: asiamue kitu. Barua inaingia, inawekwa kwenye droo, inazeeka humo. Raia akifika mahakamani anaulizwa, uamuzi unaoupinga uko wapi? Hana. Anarudishwa nyumbani. Ukimya ulikuwa ngome ambayo mkubwa alijifungia kwa ndani.

Ngome hiyo ilianza kubomolewa kwa dikrii (amri ya serikali) ya mwaka 1864, iliyohusu malalamiko yaliyopelekwa kwa mawaziri. Sheria ya 17 Julai 1900 ikapanua jambo hilo: ofisi ikinyamaza kwa miezi minne, raia ana haki ya kuhesabu kwamba amekataliwa, na mlango wa mahakama unafunguka. Kwa hiyo kanuni hii ilitungwa kwa ajili ya yule aliyesimama nje ya mlango. Haisemi kwamba kunyamaza ni vizuri. Inasema kwamba kunyamaza hakutamzuia tena mtu kufika mbele ya hakimu.

Miaka mia moja na kitu baadaye, mwezi wa Novemba 2013, Wafaransa waligeuza kanuni yao: siku hizi ofisi ikinyamaza miezi miwili, kwa kawaida mwombaji amekubaliwa. Lakini waliacha nje mambo mengi, na mojawapo ni maombi ya hati. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Mtu aliyeomba ruhusa ya kujenga akikubaliwa kwa kimya anaweza kuanza kuchimba msingi. Aliyeomba karatasi hata akikubaliwa kwa kimya mara kumi, karatasi bado iko kabatini na ufunguo uko kwa wengine. Kwa hati, kimya cha kukubali hakina faida yoyote. Kimya cha kukataa kinakupa angalau pa kwenda kushitaki.

Nchi nyingi zenye sheria ya kuomba hati zimeweka kanuni hiyo ndani yake, zikitofautiana kwa siku tu. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2016, inaipa ofisi siku 21, na saa 48 ikiwa habari inayoombwa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Muda ukipita bila jibu, ombi linahesabiwa limekataliwa, na mwombaji anaweza kupeleka shauri lake kwa tume inayosimamia haki katika utawala. Uganda nayo ni siku 21, tangu sheria yao ya 2005. Afrika Kusini ni siku 30. Ufaransa, kwa hati za utawala, ni mwezi mmoja, halafu lazima upitie kwenye tume maalumu kabla ya kumwona hakimu. Marekani ni siku 20 za kazi, na ofisi isipojibu ndani yake, mwombaji anaweza kwenda moja kwa moja mahakamani bila kungoja rufaa ya ndani.

Na sisi je? Kongo haina sheria ya jumla ya kuomba hati kama hiyo ya Kenya. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na mimi naona wanakata tamaa mapema mno. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Maneno hayo ni mapana, hayana siku wala saa, na ofisi inaweza kuyasoma ikapiga miayo. Ila kifungu cha 27 kina meno. Kinampa kila Mkongomani, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi rasmi kwa mamlaka ya Leta, na kinaiambia mamlaka ijibu ndani ya miezi mitatu. Tena kinakataza mtu yeyote abaguliwe kwa sababu ya kupeleka ombi kama hilo. Hiyo ni katiba yenyewe ikihesabu siku. Ninashangaa barua nyingi sana zinazotoka mikononi mwetu haziandiki namba hiyo 27 pale juu, kwenye mstari wa kichwa cha habari.

Halafu kuna hati ambazo hazikupaswa kuombwa hata kidogo, maana sheria imeshaamuru zitolewe. Kwa watu wa Katanga hili ni jambo la kila siku. Dikrii ya 20 Mei 2011 inataka kila mkataba wa mali asili, uwe wa madini, mafuta au misitu, utangazwe ndani ya siku 60 tangu uanze kutumika. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inatambua haki ya mtu kupata habari za mazingira. Kodi ya madini nayo, kwa sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, imegawanywa hadharani: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali, yaani komini, sekta au shefferi ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwanakijiji anayeuliza ile 15 imeingia lini na imefanya nini haombi siri ya mtu. Anaulizia fungu lake. Ofisi ikimnyamazia yeye, kosa lake ni zito kuliko ikimnyamazia mtu aliyeomba karatasi ambayo sheria haikuitaja, na barua nzuri huonyesha tofauti hiyo kwa kutaja dikrii na tarehe yake. Hati za ulinzi wa nchi au za maisha binafsi ya mtu ni habari nyingine, na kwa kawaida sheria huzitenga.

Kwa upande wa mahakama, sheria ya 15 Oktoba 2016 ndiyo iliyopanga Baraza la Dola, mahakama ya juu ya kesi za raia na serikali, na mahakama za utawala zilizo chini yake. Ukiwa na uamuzi wa kupinga, hukimbilii kwa hakimu siku hiyohiyo. Unaanza kwa kumpelekea yuleyule mkubwa malalamiko ya maandishi, ukimtaka abadili msimamo. Asipojibu katika muda wa sheria, kimya chake hicho cha pili ndicho kinachohesabiwa kuwa kukataa, na ndicho unachokwenda nacho mahakamani. Kwa hiyo mtu wa kwetu anaweza kunyamaziwa mara mbili, na vyote viwili lazima aweze kuvithibitisha.

Kuthibitisha, hapo ndipo vita vyote vilipo. Kimya hakina saini wala tarehe. Kitu pekee chenye tarehe ni siku barua ilipoingia. Kama huwezi kuonyesha siku hiyo, basi miezi mitatu haijaanza, haitaanza, na ofisi itasema kwa upole kwamba haijawahi kuona barua yoyote.

Hilo tulijifunza sisi majirani tisa, kwa ofisi moja ambayo sitaitaja. Tuliomba kopi ya mkataba wa mfereji wa maji ya mvua, mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Barua ilikuwa nzuri, imepigwa chapa, ina saini zote. Mapokezi kijana mmoja aliipokea kwa heshima. Nikamwomba agonge muhuri kwenye kopi yetu. "Papa, muiache tu, shefu ataona." Nikaiacha. Niliona haya kusisitiza, kama vile kudai muhuri ni kumwita mtu mwongo. Tukarudi baada ya wiki mbili. "Shefu haiko. Mutarudia siku ya tatu." Siku ya tatu tukaambiwa barua imepelekwa kwa fundi wa idara. Baadaye tukaambiwa mambo kama hayo hujibiwa Kinshasa. Mwishoni kabisa mtu mwingine alifungua rejista ya barua zinazoingia, akapitisha kidole chini ya kurasa, na jina letu halikuwemo.

Mama mmoja kati yetu, mwalimu mstaafu, hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ile barua bila kashe, ilikuwa ni ya nani?"

Tuliandika upya. Safari hii tulibeba kopi mbili, na yeye mwenyewe alisimama mbele ya dirisha mpaka muhuri ukagongwa, tarehe ikaandikwa kwa mkono, na namba ya rejista ikawekwa pembeni. Hiyo ndiyo watu wa ofisi wanaita akize ya resepsio, na inagharimu dakika tano za kutoona haya. Wakikataa kabisa kugonga, kuna njia mbili tunazozijua: kupeleka barua kwa mkono wa isiye (mpeleka hati) wa mahakama, ambaye anaandika yeye mwenyewe kwamba ameifikisha siku fulani, au kutuma kwa kampuni ya kusafirisha mizigo inayotoa risiti yenye saini ya mpokeaji. Ya kwanza ina gharama, lakini karatasi ya isiye ni vigumu kuikana.

Tahadhari na vitu vinavyofanana na jibu. "Rudi kesho" si jibu. Simu ya kukuomba uvumilivu si jibu. Hata barua inayosema ombi lenu linachunguzwa, katika mapokeo haya ya sheria, haihesabiwi kuwa uamuzi, maana haikubali wala haikatai, na kwa kawaida hairudishi siku nyuma. Watu wengi wakiipata barua kama hiyo hufurahi na kuanza kuhesabu upya kutoka moja. Wewe shikilia tarehe ya muhuri wako wa kwanza. Kukataliwa kwa mdomo ni jambo gumu zaidi: ofisi imeamua kweli, ila hakuna ushahidi. Dawa yake ni kuandika siku hiyohiyo barua fupi: leo saa fulani mmetuambia kwamba hamtatoa hati hii, tunaomba mtuthibitishie kwa maandishi. Wasipojibu, mmerudi kwenye kimya, lakini sasa kina tarehe.

Kimya kina ubaya mmoja ambao hakuna muhuri unaoutibu: hakitoi sababu. Mtu aliyekataliwa kwa barua anajua apinge nini. Aliyenyamaziwa anapigana na ukuta. Wafaransa walilitafutia hilo njia katika sheria ya 11 Julai 1979, ambayo ilimruhusu aliyekataliwa kwa kimya kudai sababu, na ofisi ilipewa mwezi mmoja wa kuzitoa; kanuni hiyo ingali inatumika kwao. Sisi tunaweza kudai sababu katika yale malalamiko ya pili, na ninashauri mtu adai kila mara. Ofisi ambayo haikueleza kitu mara mbili inamfikia hakimu mikono mitupu.

Kuna jambo la mwisho ambalo wenye haki husahau. Siku ambayo kimya kinageuka kuwa kukataa, saa yako wewe nayo inaanza. Mahakama haingoji milele. Mlalamikaji amewekewa muda, na ukipita, kesi yake inakataliwa bila hata kusomwa, hata kama ofisi ilikosea waziwazi. Ndiyo maana kungoja kwa uvumilivu, tulikofundishwa kuwa ni adabu, hapa kunaweza kukupotezea haki uliyokuwa nayo mkononi. Avoka (wakili) tuliyemwendea hakutuuliza kwanza mfereji ulikuwa wapi wala ulikuwa wa bei gani. Alinyoosha mkono akasema tumpe kopi yenye muhuri, akasoma tarehe, akafungua kalenda yake na kuanza kuhesabu.