Nyimbo za Tamthilia za Vijana: Yanayosemwa na Yalivyo

Eti wimbo wa ufunguzi hutungwa kwa ajili ya tamthilia

Wimbo ukiusikia kila wiki kwa misimu kadhaa, ni vigumu kuamini kwamba uliwahi kuishi bila tamthilia yake. Lakini "I Don't Want to Wait" wa Paula Cole umo katika albamu yake ya 1996, This Fire, na Dawson's Creek, tamthilia ya vijana ya Marekani iliyoutumia kama wimbo wa ufunguzi, ilianza kurushwa Januari 1998. Sikiliza beti zake: kuna mwanamume aliyerudi kutoka vitani na vipande vya chuma mwilini. Mapenzi ya wanafunzi wa Capeside, mji wa tamthilia hiyo, hayamo. "California" ya Phantom Planet nayo ilitoka 2002, mwaka mmoja kabla ya The O.C., tamthilia nyingine ya vijana iliyoufanya wimbo wake wa ufunguzi.

Eti Netflix ndiyo iliyouondoa wimbo wa Dawson's Creek

Hapa lawama zimemwangukia asiyehusika. Mabadiliko yalianza zamani, tangu enzi za DVD, ambapo kuanzia msimu wa tatu badala ya Cole tulisikia "Run Like Mad" ya Jann Arden. Netflix ilipoichukua tamthilia hiyo, iliipokea ikiwa hivyo hivyo.

Kiini chake ni leseni. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe iliyofanywa studio. Mara nyingi rekodi ni mali ya lebo, yaani kampuni ya muziki. Anayetaka kuuweka wimbo kwenye tamthilia hulipia zote mbili, tena kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba. Mikataba ya miaka ya 1990 ilifikiria zaidi televisheni. Nani alijua kwamba watu wangenunua misimu mizima madukani, achilia mbali kuitazama kwenye simu? Soko jipya lilipokuja, watayarishaji walitakiwa kulipa upya, na wengi walipiga hesabu wakaona nafuu kubadilisha wimbo.

Mwaka 2021 Cole alirudi kusikika kwenye Netflix, ila kwa rekodi mpya aliyoiimba upya. Ukihisi sauti imekomaa kidogo, masikio yako ni mazima.

Eti albamu ya tamthilia ina kila wimbo uliopigwa humo

Haina. Leseni ya kupiga wimbo kwenye tukio haikupi ruhusa ya kuuza wimbo huo kwenye CD. Ni mazungumzo mengine na malipo mengine. The O.C. ilitoa albamu sita kati ya 2004 na 2006, na bado nyimbo kibao zilibaki nje. Ile ya sita ilijaa nyimbo zilizokwisha kusikika kwenye tamthilia, safari hii zikiimbwa na wasanii wengine. Kwa mtayarishaji kuna faida hapo: rekodi ikiwa mpya, huhitaji kumbembeleza mwenye ile ya zamani.

Eti The O.C. ndiyo iliyoizaa Death Cab for Cutie

Alexandra Patsavas, msimamizi wa muziki wa The O.C., yaani mchaguzi wa nyimbo zake, alikuwa na sikio kali, na muundaji wa tamthilia hiyo, Josh Schwartz, alimfanya mhusika Seth Cohen kuwa shabiki sugu wa bendi ya Death Cab for Cutie. Iliwasaidia, bila ubishi. Lakini bendi ilianza 1997, na Seth alipoanza kuwasifu walikuwa na albamu kadhaa sokoni. Nadhani sifa halisi ya Patsavas ni kuwapa wasanii wa namna hiyo tukio zima, badala ya sekunde kumi chini ya mazungumzo.

Mfano mzuri ni "Hide and Seek" ya Imogen Heap, sauti yake peke yake ikipitishwa kwenye mashine, bila ngoma wala gitaa, wakati wa kufunga msimu wa pili mwaka 2005. Wengi wetu tuliijua baadaye kupitia "Whatcha Say" ya Jason Derulo, iliyoshika namba moja Marekani mwaka 2009, na tukadhani kiitikio kile ni cha Derulo. Ni sauti ya Heap, imekatwa moja kwa moja kutoka kwenye rekodi yake.